Wali umekuwa bokoboko, nyama inachemka badala ya kukaangika, sosi ina mabonge: shida za mapishi ya haraka ya Kiasia na namna ya kuzitatua

Karibu kila wiki kuna mtu ananiambia amejaribu wali wa kukaanga au tambi za Kichina nyumbani, kanunua soya sosi, kanunua mafuta ya ufuta, kakata hoho na karoti vizuri kabisa, afu kikatoka kitu kizito chenye maji maji ambacho hakifanani hata kidogo na alichokula hotelini. Na wengi wanaamini kuna kiungo cha siri hawajakipata. Mi napika hivi vyakula siku nyingi za wiki, jiko la gesi la plate mbili, karai moja, tunakula watu wanne, na kwa nilichoona mara nyingi shida haipo kwenye kiungo, ipo kwenye maji. Maji yaliyobaki kwenye wali, maji kwenye nyama iliyooshwa sasa hivi, maji yanayotoka kwenye kabeji ikishapata chumvi, na moto wetu wa nyumbani ambao hauna nguvu ya kuyakausha haraka. Wapishi wa Guangdong wana neno lao, wok hei, yaani pumzi ya karai, ile harufu ya moshi moshi inayotokea chakula kikigusa chuma cha moto sana, na majiko ya migahawa yao yana moto mkubwa mara nyingi zaidi ya plate ya nyumbani. Hatuna moto huo, kwa hiyo inabidi tucheze na maji na kiasi cha chakula.

Tafuta dalili yako hapa chini. Sababu nimezipanga kuanzia ile inayotokea sana mpaka ya nadra, kwa hiyo usirukie ya mwisho kabla hujaangalia ya kwanza. Mambo ya gesi, moto wa mafuta na chakula kilicholala nje nimeyaweka mwisho, ila yasome hata kama leo hayakuhusu.

DALILI: Wali wa kukaanga unashikana, unakuwa bokoboko

Kwanza pima. Chukua punje tatu nne za wali kabla hujaukaanga, zifinye katikati ya vidole. Zikipondeka na kuacha utelezi kama gundi, wali una maji mengi. Zikibanika kidogo afu zikaachana, wali uko sawa na tatizo lipo kwenye karai.

Sababu inayoongoza ni kukaanga wali uliotoka jikoni sasa hivi. Wali wa moto una mvuke ndani na juu ya kila punje, ukiumwaga kwenye mafuta ule mvuke unageuka maji na punje zinaanza kusagana. Ndo maana huko China na Indonesia wanapenda wali wa jana, na sisi bahati nzuri kiporo tunakijua. Lakini kiporo kilichokaa kwenye friji, sio kilichokaa juu ya jiko usiku kucha, hilo nitalirudia. Huna kiporo? Pika wali mapema, umwage kwenye sinia pana, utandaze, uweke mbele ya feni dakika 20 mpaka 30. Utaona punje zinakuwa kavu juu na sinia halina tena unyevu chini. Hapo unakaangika vizuri tu, wakati mwingine hata kuliko kiporo.

Sababu ya pili ni maji ya kupikia. Kama kipimo chako cha kawaida ni kikombe kimoja cha mchele kwa vikombe viwili vya maji, kwa wali utakaoukaanga shuka mpaka kikombe kimoja na nusu. Osha mchele mara tatu au nne mpaka maji yatoke karibu safi kabisa, bila ukungu, maana ule wanga wa juu ndo unaogandisha. Na usipike kwa tui. Wali wa nazi ni mtamu sana peke yake na samaki, ila ukiukaanga na soya sosi unakuwa mzito na unaungua haraka.

Ya tatu, karai limejaa. Hii watu hawaikubali, wanataka wapike mara moja wamalize. Karai la kawaida la nyumbani kwa moto wa plate moja linabeba vizuri vikombe viwili hivi vya wali uliopikwa, watu wawili. Zaidi ya hapo moto unazidiwa, wali wa chini unaungua na wa juu unapikwa na mvuke. Kaanga mafungu mawili. Inachukua dakika nne zaidi na tofauti utaiona kwa macho.

Ya nne, sosi imemwagwa nyingi katikati. Kijiko kimoja kikubwa cha soya sosi kinatosha vikombe viwili vya wali, na kimwage pembeni mwa karai kwenye chuma chenyewe, kizunguke, kichemke sekunde moja, ndo uchanganye. Harufu inabadilika pale pale.

Ya mwisho ni aina ya mchele, na hii inasingiziwa mno. Mchele wa Kyela unanukia na una ulaini wake, unaweza kukaangika vizuri ukiupunguzia maji na kuupoza. Basmati na pishori ya Mwea ni rahisi zaidi kwa anayeanza kwa sababu punje zinajitenga zenyewe.

Wali ukishakuwa bokoboko tayari usihangaike kuukausha, utaunguza. Ongeza supu, tangawizi iliyokatwa nyembamba, kuku aliyechambuliwa na majani ya kitunguu, uchemshe pole pole uwe uji wa wali. China wanaula asubuhi na wagonjwa wanapewa, ni chakula cha heshima kabisa na kinashibisha.

DALILI: Nyama au kuku anatoa maji, anakuwa wa kijivu, afu mgumu

Hapa masikio yanakusaidia kuliko macho. Mdogo wangu nilipomfundisha nilimwambia afumbe macho asikilize karai. Nyama ikiingia kwenye karai la moto inalia shaaa, mlio mkali wa juu unaoendelea. Baada ya nusu dakika ule mlio ukishuka ukawa wa chini, wa kutokota, kama supu, ujue maji yameshinda moto na kuanzia hapo unachemsha nyama. Ukiinamisha karai utayaona pale chini, maji ya kijivu yenye povu, na vipande vinaogelea. Watu wakifika hapo wanaongeza sosi. Usiongeze. Toa nyama kwa upawa, weka pembeni, acha maji yakauke mpaka yabaki mafuta tu, ndo urudishe nyama kidogo kidogo.

Kwa nini inatokea: mara nyingi nyama ni nyingi mno kwa wakati mmoja. Gramu 250 kwa raundi inatosha kwa jiko letu, nusu kilo ni raundi mbili. Inayofuata ni nyama yenye maji, imetoka kuoshwa au imetoka friza haijayeyuka vizuri. Ikaushe kwa kitambaa safi au tishu za jikoni mpaka isitoe unyevu kwenye mkono. Na ya tatu karai halikupata moto. Weka karai tupu la chuma au la alumini kwenye moto mkubwa dakika moja mbili, dondoshea tone la maji, likikimbia kimbia na kupotea mara moja ndo uweke mafuta. Kikaangio cha nonstiki usikifanyie hivyo, kile hakitakiwi kupata moto mkali kikiwa kitupu, ngozi yake inaharibika na moshi wake sio mzuri kuuvuta.

Sasa ugumu ni habari nyingine. Angalia unavyokata. Kwenye steki utaona nyuzi zinaelekea upande mmoja, wewe kata ukizivuka, vipande vyembamba kama nusu sentimita, na nyama ikiwa imeganda nusu inakatika vizuri zaidi. Ukikata kufuata nyuzi hata ufanyeje utatafuna kama kamba. Afu kuna kuku wa kienyeji, jamani kuku wa kienyeji hafai kwa mapishi ya dakika tano, huyo mchemshe kwanza, supu yake uitumie kwenye tambi. Kwa haraka chukua kuku wa kisasa, paja bila mfupa ni bora kuliko kidari maana halikauki upesi.

Kuna ujanja wa Wachina unaolainisha nyama ya bei rahisi. Kwa nusu kilo ya nyama iliyokatwa nyembamba chukua nusu kijiko cha chai cha beking soda, sio beking pauda, changanya na vijiko viwili vikubwa vya maji, ipake nyama, acha dakika 15 mpaka 20, afu ioshe vizuri na uikaushe kabisa. Baada ya hapo weka kijiko kimoja kikubwa cha soya sosi, kijiko cha chai cha konflawa na mafuta kidogo. Ule unga unafanya kama shuka jembamba juu ya nyama, unazuia isikauke. Ukizidisha beking soda au ukaacha kuosha utasikia ladha ya sabuni, na hiyo hairekebishiki, kwa hiyo pima kwa kijiko, usikadirie.

Kitu kimoja cha kusimamia: kuku mwenye rangi ya waridi ndani akiwa tayari kwenye sosi na wewe una njaa, usile. Kata kipande kikubwa kuliko vyote uangalie, kama bado rudisha jikoni, ongeza maji kidogo, funika dakika tatu nne, kata tena uone.

DALILI: Mboga zinalegea na kutoa maji

Kwa kifupi ni tatu: zimeingia zote kwa pamoja, zimetiwa chumvi mapema, au zimetoka kuoshwa zikiwa zinachuruzika. Karoti na maharage ya kijani ya maganda kwanza, hoho na kabeji baada ya dakika moja na nusu, spinachi na majani ya kitunguu mwisho kabisa wakati unazima moto. Kabeji ina maji mengi na chumvi inayavuta nje, kwa hiyo chumvi na soya sosi ni za mwisho. Na usifunike karai, mfuniko unarudisha mvuke ndani. Kama zimeshalegea, geuza mpango, ongeza supu na konflawa iwe mboga ya mchuzi juu ya wali.

DALILI: Tambi zinashikana bonge moja, au zinakatika katika

Sababu kubwa ni kuchemsha mpaka ziive kabisa afu kuzikaanga tena, yaani zinaiva mara mbili. Punguza dakika moja kwenye muda ulioandikwa kwenye pakiti, chuja, zimwagie maji baridi mpaka zipoe, zikung'ute vizuri sana, zipake kijiko kimoja cha mafuta. Zikae hivyo mpaka kila kitu kingine kiwe tayari kwenye karai. Zikianza kushikana ndani ya karai ongeza vijiko viwili vya supu, sio mafuta, na uzinyanyue kwa vijiti au uma mbili badala ya kuzikoroga kwa mwiko.

Tambi za mchele, zile nyeupe nyembamba, hazichemshwi kama spageti. Zinalowekwa kwenye maji ya moto mpaka zipinde bila kukatika, afu zinamalizia kuiva kwenye karai.

Huna tambi za Kichina, una spageti tu? Kwenye maji yanayochemka weka kijiko kimoja cha chai cha beking soda kwa kila lita. Tambi za rameni, zile za supu za Kijapani, zinakandwa na chumvi za magadi, ndo zinazozipa ule umanjano na ile mvutiko, na beking soda inaifanya spageti isogee upande huo. Tumia sufuria ndefu na usiondoke, maana maji yanaumuka povu na kumwagika mpaka kuzima moto wa gesi, na moto ukizimika gesi inaendelea kutoka.

Na zile tambi za dakika mbili za pakiti, ambazo Momofuku Ando alizianzisha Japani mwaka 1958, zimeshakaangwa kiwandani. Zichemshe dakika moja tu kama unataka kuzipitisha kwenye karai. Ile pakiti ya viungo tumia nusu, hasa kama unaweka na soya sosi.

DALILI: Sosi imekataa

Hapa pana matatizo mengi ndani ya moja, tuyatenganishe.

Ina mabonge. Konflawa imewekwa kavu kwenye kitu cha moto. Unga wa nje unaiva papo hapo na kufungia mkavu ndani. Siku zote ikoroge na maji baridi kwanza, kijiko cha chai kimoja kwa vijiko viwili vikubwa vya maji, na uikoroge tena kabla ya kumwaga kwa sababu inazama chini. Mabonge yakishatokea pitisha sosi kwenye chujio.

Nyepesi, haishiki. Haijachemka. Konflawa haiwi nzito mpaka sosi ianze kutoa mapovu, kwa hiyo kabla hujaongeza nyingine subiri ichemke nusu dakika. Kama ilikuwa nzito afu ikarudi kuwa maji, umeichemsha muda mrefu au umeweka siki au ndimu mapema. Ndimu ni ya mwisho, moto ukishazimwa.

Chungu. Kitunguu saumu kimeungua, hiyo ndo sababu mara tisa kati ya kumi kwangu. Kitunguu saumu kilichosagwa kwenye karai la moto kinahitaji sekunde 15 mpaka 20 tu, kikianza kunukia weka kitu chenye maji maji. Kikishakuwa cha kahawia nzito usijidanganye, mwaga, futa karai, anza upya, ni hasara ndogo kuliko kuharibu nyama yote. Sababu nyingine ni mafuta ya ufuta yaliyokaangiwa. Yale ya rangi ya kahawia ni ya kunukishia, matone machache mwisho. Ya kukaangia tumia alizeti au karanga.

Chumvi imezidi. Soya sosi ni chumvi, afu watu wanaongeza kidonge cha supu afu wanaongeza chumvi. Kijiko kimoja kikubwa cha soya sosi ya kawaida kina karibu miligramu 900 za sodiamu, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima abaki chini ya 2000 kwa siku nzima. Kama nyumbani kuna mtu wa presha hesabu hiyo ifanye kweli kweli. Kurekebisha: ongeza wali au mboga zisizo na chumvi, au supu ya maji matupu. Sukari na ndimu zinaificha chumvi mdomoni ila haziiondoi. Kiazi hakinyonyi chumvi peke yake, kinanyonya mchuzi wote, chumvi na maji pamoja.

Haina ladha, ina chumvi tu. Hili ndo lalamiko ninalolisikia zaidi na ndo napenda kulijibu. Angalia chupa kwanza. Soya sosi ya kweli imeandikwa soya, ngano, chumvi, maji, imechachushwa. Kuna chupa za bei rahisi ambazo ni maji, chumvi na rangi ya sukari iliyoungua, hizo zitakupa weusi tu. Afu kumbuka ladha inahitaji pande nne: chumvi, tamu, chachu, na ule utamu wa supu ambao Mjapani Kikunae Ikeda aliutambua mwaka 1908 akichunguza mchuzi wa mwani, akauita umami. Sosi nyingi za nyumbani zina upande mmoja tu. Kipimo changu kwa nusu kilo ya nyama na mboga ni hiki: soya sosi vijiko vikubwa viwili, sukari kijiko cha chai kimoja, siki au ndimu kijiko cha chai kimoja, supu vijiko vikubwa vinne, konflawa kijiko cha chai kimoja. Koroga kwenye kikombe kabla hujawasha jiko, ila siki au ndimu iweke tayari pembeni, ni ya mwisho. Kabla, sio wakati unakaanga, maana chakula kinaungua ukiwa unatafuta siki kabatini.

Na hiyo supu, kama huna ya kuku, una dagaa. Nasema kwa uzito kabisa. Japani wana dagaa wao wakavu wanaitwa niboshi na ni moja ya misingi ya supu za nyumbani kwao, na wanavitoa vichwa na matumbo kwa sababu hiyo hiyo tunayovitoa sisi, vinaleta uchungu. Chukua kiganja kimoja cha dagaa wakavu, waoshe mchanga, watoe vichwa na matumbo, waloweke kwenye lita moja ya maji nusu saa, chemsha pole pole dakika 10, chuja. Hiyo supu kwenye tambi yenye yai na tangawizi inabadilisha kila kitu. Wakichemka sana kwa moto mkali supu inakuwa na harufu kali ya samaki, kwa hiyo moto mdogo.

Ukiwa unatafuta ladha ya nasi goreng, yaani wali wa kukaanga wa Indonesia, soya sosi yao ni tamu na nzito, inatiwa sukari ya mnazi au ya miti ya jamii yake. Yeyusha kipande cha sukari guru kwenye soya sosi na maji kidogo kwa moto mdogo mpaka iwe kama asali nyepesi, inakaribia sana. Na padi thai, tambi za mchele za kukaanga za Thailand, uchachu wake ni ukwaju, huu huu wa sokoni, hauhitaji kuagiza kitu.

DALILI: Tui limekatika kwenye mchuzi wa Kitai

Watu wa pwani hili mnalijua tangu utotoni: moto mkali, umefunika, au umekamua ndimu mapema. Tui jepesi ndo la kupikia, zito linaingia mwisho na sufuria haifunikwi, unakoroga mpaka linaanza kutokota basi. Lakini usitupe mchuzi uliokatika, unalika vizuri. Na wapishi wa Thailand wenyewe mwanzoni wanalichemsha tui zito makusudi mpaka mafuta yajitenge, ndo wanakaangia viungo humo. Kwa hiyo ukiona mafuta mwanzo ni sawa, ukiona mabonge meupe mwisho ndo umezidisha moto.

DALILI: Kila kitu kinaganda kwenye karai

Karai halijapata moto, au umekoroga mapema mno. Acha yai au nyama itulie sekunde 20 au 30, ikishakaangika inajiachia yenyewe. Karai jipya la chuma linatakiwa kulainishwa kwanza: lioshe, likaushe kwenye moto, lipake mafuta membamba sana, liache litoe moshi, rudia mara tatu nne mpaka liwe jeusi linalong'aa, na dirisha liwe wazi. Baada ya hapo usilisugue kwa stiliwaya na sabuni kali, maji ya moto na brashi vinatosha, afu likaushe motoni lisishike kutu.

DALILI: Moto ni mdogo, wa njano, sufuria zinatoka nyeusi chini

Moto mzuri wa gesi ni wa bluu. Wa njano unaopaka masizi maana yake gesi haipati hewa ya kutosha. Zima, acha ipoe, toa vichwa vya plate, vioshe, zibua vitundu kwa sindano au brashi ya waya, kausha kabisa, rudisha. Mara nyingi ni mafuta na wali ulioangukia humo. Kama mtungi unakaribia kuisha moto nao unalegea.

Umeshasafisha na bado ni wa njano? Acha kupika hapo, mwite fundi wa majiko ya gesi. Moto usioungua vizuri unatoa hewa ya kaboni monoksaidi ambayo haina harufu, inaumiza kichwa, inaleta usingizi na inaua, hasa kwenye chumba kimoja kilichofungwa madirisha. Usifungue regyuleta mwenyewe na usipanue kitundu cha gesi kwa msumari, nimeona watu wanafanya.

PALE UNAPOSIMAMA KABISA

Harufu ya gesi. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, usiguse swichi yoyote, sio kuwasha wala kuzima, usiwashe kiberiti kutafuta inapovujia. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini sakafuni, kwa hiyo usipoisikia ukiwa umesimama haimaanishi imeisha. Toka nje, piga simu ukiwa nje. Ukitaka kukagua mpira siku ya kawaida paka maji ya sabuni kwenye maungio, yakitoa mapovu panavuja, mwite fundi au muuzaji wako.

Mafuta yameshika moto. Zima gesi kama unaifikia bila kuvuka moto, funika karai kwa mfuniko au sinia la bati, liache hivyo mpaka lipoe lenyewe. Usimwage maji hata kikombe, maji yanageuka mvuke kwa mpigo na kurusha mafuta yanayowaka mpaka darini. Usilibebe karai kukimbilia nje. Likikushinda toa watu ndani, Tanzania Zimamoto ni 114.

Wali uliolala nje. Nilisema nitarudia. Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, mbegu zake hazifi wali ukipikwa, na wali ukikaa kwenye joto la Dar au Mombasa zinaamka na kutoa sumu ambayo hata ukaange kwa moto gani haiondoki. Harufu inaweza kuwa nzuri tu. Kwa hiyo wali utandaze upoe, uingie kwenye friji ndani ya saa moja, uliwe ndani ya siku moja, upashwe mara moja tu mpaka utoe mvuke. Uliolala juu ya jiko, mwaga. Huna friji, tumia ile njia ya sinia na feni, upike na kukaanga jioni ile ile. Mtu akitapika saa chache baada ya kula mpe maji na ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, kidogo kidogo, na akiwa mtoto mdogo, mjamzito au mzee, au kuna damu, au hawezi kushika hata maji, nenda hospitali usisubiri asubuhi.

Aleji. Hivi vyakula vimejaa karanga, ufuta, kamba, mayai, soya na ngano, na soya sosi yenyewe ina ngano. Muulize mgeni kabla hujawasha jiko. Mdomo au koo kuvimba, kupumua kwa shida, vipele mwili mzima ghafla, hiyo ni hospitali sasa hivi kwa usafiri wowote uliopo.

Kuungua kwa mafuta. Maji ya bomba yanayotiririka, sio barafu, dakika 20 kamili ukiangalia saa, vua pete na bangili kabla mkono haujavimba. Usipake dawa ya meno, unga wala mafuta. Kama pameungua eneo kubwa kuliko kiganja cha mwenyewe, au ni usoni, au ngozi imekuwa nyeupe na haiumi, funika kwa kitambaa safi na uende kwa daktari.